Chapchap na Joho la Arobaini na Tatu

Wekeni chini vikombe, punguzeni redio, na aliyesimama mlangoni aamue kuingia au kutoka, kwa maana inakuja habari ambayo haijapata kutokea tangu sindano ya kwanza itobolewe tundu: habari ya Chapchap binti Fundi, mshika uzi na mhesabu mamilioni, simba jike wa kisanduku cha barua pepe, aliyeingia vitani na subira saa mbili asubuhi, wakapigana mpaka saa tisa alasiri, na mimi ninayesimulia bado nahema.

Jina la Chapchap hakupewa bure. Alizaliwa wiki tatu kabla ya siku, akatembea kabla hajajua kukaa, na mtihani wa saa tatu aliumaliza kwa saa moja na robo, akabaki anamwangalia msimamizi kama mtu anayesubiri chenji. Kila kitu chini ya jua kilikuwa kimekubali mwendo wake, isipokuwa kitu kimoja chenye kiburi, kisicho na uso wala namba ya simu, kinachoitwa Kamati ya Udahili.

Aliomba kusoma shahada ya uzamili ya takwimu katika vyuo vitatu. Chuo cha kwanza kilimkataa kwa mistari miwili. Cha pili kilimkataa kwa ukurasa mzima wa sifa, akasoma anatabasamu, anatabasamu, mpaka mstari wa mwisho ndipo akajua kumbe ameshatolewa nje zamani. Kikabaki cha tatu, kile hasa alichokitaka, chenye mwalimu aliyeandika kitabu ambacho Chapchap alikisoma mpaka jalada likaachia. Na hicho cha tatu kilikuwa kimenyamaza siku sabini na moja.

Sasa mtu wa takwimu akingoja, hangoji kama mimi na wewe. Chapchap alikokotoa uwezekano wa jibu kuingia katika dakika yoyote ile, akaona ni mdogo mno. Na kwa kuwa ni mdogo mno, akahitimisha kwamba inabidi aangalie kila dakika asije akaikosa yenyewe. Basi akawa anaangalia. Alipokula aliangalia, aliposuka nywele aliangalia, na kwenye cherehani ya mama yake, mguu ukiwa kwenye pedali na jicho moja kwenye kitambaa, jicho la pili lilikuwa kwenye simu.

Uwanja wa vita ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao: cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi ambayo waya wake umefungwa kitambaa, na kwenye kona pazia la maua ambalo nyuma yake wateja hujaribu nguo. Huko aliketi Mama, Fundi Mkuu, ambaye akikutazama mara moja anajua kiuno chako na uongo wako. Kando yake aliketi Mama Mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, jemadari wa kumalizia, ambaye kazi yake ni kukata nyuzi, kushona vifungo na kuziba kila palipoachwa wazi. Na upande wa pili wa ukuta alikuwepo Fundi Viatu, jirani, ambaye misumari hukaa mdomoni mwake siku nzima lakini haijawahi kumzuia kuongea.

Wiki hiyo walikuwa na kazi ya majoho arobaini na mawili ya wahitimu wa shahada ya kwanza, na gari la kuyachukua lilikuwa lifike siku hiyo ya sabini na moja ya kungoja, saa kumi kamili. Asubuhi ya siku hiyo Mama aliinua joho moja juu ya meza, akaligeuza, akaligeuza tena, kisha akalivaa mwenyewe ili ahakikishe macho yake hayamdanganyi. Lilikuwa na mikono miwili ya kushoto.

Hata pasi iliacha kutoa mvuke.

"Mwanangu," akanena Fundi Mkuu, bado amelivaa, "nimeshona miaka ishirini na sita. Nimeshonea wanene na wembamba, nimeshonea na yule bwana mwenye bega moja juu na jingine chini. Lakini mwenye mikono miwili ya kushoto bado hajafika dukani kwangu. Lete simu."

"Mama, na jibu likija?"

"Litakaa. Barua haina miguu."

Hukumu ikatolewa: simu haitaonekana mpaka joho la arobaini na mbili lipigwe pasi. Chapchap aliitoa mfukoni kama shujaa anayesalimisha upanga, akaiangalia mara ya mwisho (hakuna kitu, tangazo la magodoro tu), akaikabidhi. Mama akaenda nayo nyuma ya pazia la maua, akarudi mikono mitupu.

Enyi mliowahi kungoja, shuhudieni! Kabla ya saa nne mkono wa Chapchap ulikwenda kwenye mfuko wa aproni mara kumi na tisa, ukakuta chaki. Alisikia simu ikiita ndani ya feni. Aliisikia ndani ya jagi la maji. Aliomba ruhusa ya kwenda kujaribu nguo nyuma ya pazia, akaulizwa nguo gani, akarudi kwenye pedali. Saa tano Fundi Viatu akachungulia mlangoni na kiatu kimoja mkononi, akamuuliza Chapchap, ambaye yeye humwita Profesa, kama wakubwa wameshamjibu au wameenda kumtafutia kiti kikubwa zaidi. Chapchap akamwambia mjomba ashone viatu vya watu. Mjomba akasema viatu anashona, ila yeye angekuwa kamati angemjibu haraka, ili tu kelele za cherehani zipungue.

Lakini damu ya mafundi ilikuwa ndani yake. Alifumua ule mkono wa kushoto uliozidi, akaushona wa kulia mahali pake. Akashona joho la thelathini na nne, la thelathini na tano, na mahali fulani kwenye la thelathini na nane, nawaambia ukweli, kwa muda wa dakika kumi na mbili nzima, alisahau kwamba kuna chuo duniani. Alipokumbuka alishtuka kama mtu aliyesinzia zamuni.

Saa tisa kasoro pasi ikapita kwenye joho la mwisho. Chapchap akasimama, jasho likimeremeta kwenye paji, akatamka kwa sauti ya washindi kwamba ahadi imetimia na upanga urudishwe. Mama akaenda nyuma ya pazia. Akakaa huko. Akatoka, na uso wake haukuwa ule alioingia nao.

"Nani ametoa nguo iliyokuwa hapa? Simu niliiweka ndani yake."

Mama Mdogo, bila kuinua kichwa, akasema ni yeye. Alikuwa anafagia, akakuta joho limesahauliwa nyuma ya pazia, akalichukua, akalimalizia, akaliweka na wenzake. Alitegemea kushukuriwa. Alikuwa hata anataka kuuliza, maana amehesabu mara mbili na kila mara anapata majoho arobaini na matatu.

Rundo lilikuwa juu ya meza, jeusi, refu, limenyamaza. Gari lilibakiza saa moja na dakika chache. Ikabidi Fundi Viatu aitwe na simu yake, akatema misumari kwenye kiganja kwa heshima ya tukio lile, akapiga. Wote wanne wakainama kusikiliza, na kutoka tumbo la rundo, chini ya majoho kumi na saba, kitu kikaguruma kama nyuki aliyefungiwa chupani.

Walilivuta. Mtetemo ulikuwa mkononi mwa joho, chini kabisa. Chapchap akatafuta mahali pa kuingiza mkono, asipate. Mama Mdogo akajieleza: alikuta mpasuko mkubwa kwenye kiwiko, mkono wa kushoto na wa kulia pia, akajua hiyo ni kazi ya mtu anayeangalia simu, akaiziba yote kwa mishono miwili miwili. Kulikuwa na uzito ndani, ndiyo, aliusikia. Alidhani umewekwa ili mkono uning'inie vizuri. Mafundi wa siku hizi wana mambo mengi.

Chapchap akachukua wembe. Kila kiungo mwilini mwake kilimwambia achane. Wembe ulikuwa umeshagusa kitambaa ndipo jicho lake la binti wa fundi, lile ambalo siku sabini na moja lilikuwa kazini kwingine, likarudi nyumbani na kuona.

Wasiojua na wajue: joho la shahada ya kwanza mkono wake uko wazi chini, mpana kama mdomo wa tarumbeta. Joho la uzamili mkono wake ni mrefu, umefungwa chini kama mfuko, na mkono wa mvaaji hutokea kwenye mpasuko wa kiwiko. Kila fundi analijua hilo, isipokuwa fundi ambaye wiki nzima amemalizia majoho arobaini na mawili ya shahada ya kwanza na vidole vyake vimeshaacha kufikiri. Na hili lililokuwa mezani lilikuwa la uzamili. Halikuwa la mteja yeyote. Lilikuwa fupi kuliko yote, na nyumbani mle mtu mfupi alikuwa mmoja.

"Mama," akasema, na sauti ilikuwa imepungua ushujaa. "Hili la nani?"

Fundi Mkuu alikuwa anakunja futi ya kupimia, anaikunja na kuikunjua.

"Kitambaa kilibaki," akasema.

"Na wakinikataa?"

"Wakikukataa mwaka huu, kuna mwaka ujao. Kitambaa hakiozi."

Fundi Viatu akageuka kuangalia ukuta kwa hamu kubwa, ingawa ukutani hapakuwa na kitu.

Basi hakuchana. Aliketi, akalaza wembe, akafumua mshono mmoja, kisha wa pili yake, mishono sitini na nne ya Mama Mdogo iliyokazwa kama milango ya benki, wakati simu ndani ya mfuko ule ikiwa na jibu la maisha yake au haina. Hakukata hata uzi mmoja wa kitambaa. Kisha akaingiza mkono hadi kwapani, akaitoa.

Kulikuwa na barua moja mpya. Ilitoka chuo cha tatu.

Akaifungua. Akaisoma. Akaisoma kwa sauti, kwa kuwa peke yake asingeamini. Chuo kilikuwa kinamshukuru kwa kutuma maombi, na kikamwomba ajaze dodoso fupi: kwa kipimo cha moja hadi tano, ameridhika kiasi gani na muda wa kusubiri.

Wa kwanza kucheka alikuwa Mama, mtu ambaye hucheka mara mbili kwa mwaka. Mama Mdogo akashauri wapewe mbili, wajifunze. Fundi Viatu akasema sifuri, akaambiwa sifuri haipo, akasema basi dodoso lenyewe limepikwa. Chapchap alicheka mpaka akashika meza, akafuta machozi na chaki ikabaki shavuni, kisha akawapa tatu, kwa kuwa yeye ni mtu wa takwimu na hapendi kuonea.

Halafu, sikilizeni vizuri, mbele ya mashahidi watatu, alirudisha simu ndani ya mkono wa lile joho kwa hiari yake, akalitundika nyuma ya pazia, akaenda kuhesabu majoho ya watu. Gari lilipofika, arobaini na mawili yalikuwa yamefungwa, kila moja na mkono wake wa kushoto na wa kulia.

Siku tisa zikapita. Simu iliishi ndani ya mkono. Chapchap aliitembelea saa sita na saa kumi na mbili kama mgonjwa mwenye ratiba. Siku ya tisa, saa tano asubuhi, walikuwa wanashona sare za shule, na yeye alikuwa katikati ya pindo la sketi ndogo ya buluu, ndipo Mama Mdogo alipoinua kichwa.

"Mkono unaita."

Cherehani mbili zikasimama. Nyundo ya upande wa pili wa ukuta ikasimama pia. Wote wakamwangalia Chapchap, aliyezaliwa wiki tatu kabla ya siku, aliyetembea kabla ya kukaa.

"Ngojeni nimalize pindo," akasema.

Na akamaliza. Sindano ilikwenda, ikafika mwisho, ikarudi nyuma mishono mitatu kukaza, uzi ukakatwa kwa mkasi na siyo kwa meno. Akainuka. Hakukimbia. Akaingia nyuma ya pazia la maua.

"Wamenichukua," ikatoka sauti ndogo.

Fundi Viatu alipiga makofi kupitia ukutani. Mama Mdogo alilia huku akikata nyuzi. Mama aliingia nyuma ya pazia. Alimkuta binti yake ameketi sakafuni, akamwinua, akalitoa joho kwenye msumari.

"Vaa nione."

Lilimzidi vidole viwili. Fundi Mkuu akapiga magoti na pini mdomoni, akalikunja chini pande zote, taratibu.

"Nitapunguza," akasema katikati ya pini. "Miaka miwili ya masomo ni mingi. Muda upo."

Basi andikeni, enyi mnaoandika! Lakini msiandike kwamba alichukuliwa na chuo, kwa maana kila mwaka vyuo huchukua watu. Andikeni kwamba jibu liliita, na Chapchap binti Fundi akamaliza pindo kwanza, na pindo lile limenyooka kama rula. Lipo mpaka leo, kwenye sketi ya mwanafunzi wa darasa la pili, ambaye kila asubuhi anaenda nalo shule na kulikalia, bila habari kwamba amekalia historia.