Farasi Kumi wa Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Mei
Mota ya mashine ya kusaga ya mama mkwe imeungua. Namshukuru Mungu! Si kwa kuungua, bali kwa kuwa nimepewa mimi kazi ya kutafuta nyingine. Nikifaulu, nakabidhiwa ufunguo na usimamizi wote. Nikishindwa, anaupata shemeji, kaka wa mke wangu, fundi umeme mwenye kalamu sikioni. Ya zamani imeandikwa nguvu farasi 10. Shemeji kanishauri ninunue ya kilowati 7.5. Saba na nusu mahali pa kumi! Anataka niaibike ukweni.

Jumanne, 7 Mei
Nimeipata. Kilowati 11! Kumi ya mama, na moja ya heshima. Muuzaji kanipa mkono mara mbili. Mtu mwema. Mashimo ya kitako hayakulingana na msingi, nikatoboa mapya.

Jumatano, 8 Mei
Wateja foleni, ndoo mkononi. Nikawasha. Swichi kuu ikakata. Nikawasha tena. Ikakata. Mara ya tano mteja mmoja akauliza kama leo tunasaga nafaka au swichi. Mama mkwe hakunigombeza. Alikaa juu ya gunia akifuta macho. Roho iliniuma. Nikaenda mwenyewe kumwita shemeji.

Alhamisi, 9 Mei
Hakunicheka. Kaeleza taratibu kwamba farasi mmoja ni kilowati 0.746, kwa hiyo kumi ni kama saba na nusu. Yangu ni farasi karibu kumi na tano. Swichi iliwekewa kumi. Akafunga ya 7.5 aliyokuwa nayo akiba. Ikanguruma! Kisha akamwambia mama yake kwamba kazi tumeifanya wawili. Mama mkwe akanitia ufunguo kiganjani.
"Mwanangu, anayejua kuomba msaada ndiye ninayemwamini."
Nimelia, sifichi. Mungu ambariki shemeji.

Ijumaa, 10 Mei
Baada ya chai nimeipitia hesabu ya shemeji. Maskini, kasahau! Umeme wa mota hizi unakuja kwa nyaya tatu. Lazima uzidishe mara tatu. Sitamwambia, wema haulipwi kwa aibu. Seremala jirani ana mota ya farasi 5, imechoka. Tano mara 0.746, mara tatu: 11.19. Ile yangu hasa! Nimemfungia bure, kwa shukrani. Kanikumbatia, akawasha. Papo hapo karakana nzima ikawa giza na kimya. Umeme nao! Kukatika siku ya furaha ya watu.