Malalamiko Kuhusu Droo za Vifungo Ulizozipanga Upya

Kwa mdogo wangu, mtaalamu wa kompyuta,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima, hata magoti hayaniumi tena, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Nakuandikia rasmi kuhusu kabati la vifungo hapa dukani, ulilolipanga upya nilipokwenda kumuuguza mama mkwe. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Zamani kila rangi ilishuka wima, saizi ndogo juu karibu na dari, kubwa chini sakafuni. Fundi cherehani akitaka vifungo vya koti, vikubwa vya mbele na vidogo vya mikono, nilipanda ngazi, nikashuka, nikainama. Wewe umelaza kila rangi kwenye mstari mmoja, droo kwa droo. Eti vinavyoombwa pamoja vikae pamoja. Nani alikutuma?

2. Nyeusi, inayoulizwa kutwa, umeiweka mkono wangu unapofika nikiwa nimekaa. Zambarau, inayoulizwa mara moja kwa mwaka, umeitupa juu kabisa. Zambarau imekukosea nini?

3. Droo tupu umezing'oa zote, ukazibananisha zilizobaki, ukaniachia daftari linalosema kila rangi inaanzia droo namba ngapi. Daftari halikosei, nakiri. Lakini kabati la ukuta mzima limekuwa nusu ukuta, na wateja wananipa pole wakidhani nafunga duka.

4. Hili ndilo linaloniuma. Tangu shemeji yako astaafu, kazi yake ilikuwa kunishikia ngazi. Miaka sita tumepiga soga, yeye chini, mimi juu. Sasa hana cha kushika. Anashinda nyumbani akipanga vyombo kwa mtindo wako. Majani ya chai ameyahamishia chumbani, kwa kuwa chai huwa naiomba nikiwa kitandani. Viatu vyangu vya harusi, kwa kuwa sivivai, viko darini. Nimemkosa dukani, nakwambia kweli.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, urudishe kila droo mahali pake kabla ya Jumamosi.

Msalimie wifi yangu, na watoto waambie shangazi anawakumbuka.

Ni mimi dada yako mwenye kinyongo,
Muuza vifungo

N.B. Nimegundua kuwa barua hii nimeiandika hapa hapa dukani, mchana, huku nikihudumia mafundi kumi na mmoja bila kuinuka kitini. Basi kabati usiliguse. Ila nyeusi, hiyo moja tu, ipandishe juu kabisa. Ngazi nimeshaifuta vumbi.