Vali ya Moshi na Jicho la Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Gari limetapika tena. Moshi mweusi, mzito, hadi muuza magazeti wa pale kona akajifunika na bidhaa zake mwenyewe. Taa ya injini imewaka njano kwenye dashibodi. Nimeibandika stika. Kwenye kilima cha hospitali vani lilipanda kwa gia ya kwanza, na watu wa miguu wakanipita. Mmoja alinipungia mkono.

Na ni kilima hichohicho! Ijumaa saa mbili asubuhi mama mkwe anatakiwa hospitali ya macho kutolewa mtoto wa jicho. Kasubiri miezi kumi na moja. Karani alisema atakayechelewa nafasi yake anapewa mwingine, naye arudi mkiani mwa foleni. Nani aliahidi kumpeleka? Mimi. Mbele ya ukoo mzima. Nikiwa nimesimama juu ya kiti.

Shemeji, yaani kaka wa mke wangu, ni fundi magari, ana gereji mtaa wa pili. Amesikiliza injini kwa muda wa kupiga chafya. Akasema ni vali ya moshi, ile inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini ukachomwe upya. Imeziba masizi, eti kwa sababu nashinda natambaa mjini na gari halipati mwendo. Nimpelekee, nusu siku tu, hataki chochote. Kisha akauliza kama nimewahi kufungua boneti au huwa naisalimia tu kwa nje. Wakacheka wote. Mke wangu pia!

Basi gari langu hatalipata. Nitaisafisha vali mwenyewe.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alisema ana imani na mkwe wake, na kwamba gari langu linang'aa. Masikini, haoni hata mlango.

Jumanne, 4 Machi

Nimevaa ovaroli. Nimeitafuta vali asubuhi nzima. Iko nyuma kabisa ya injini, mahali palipochaguliwa na mtu mwenye chuki na vidole vya wenzake. Bolti nne. Tatu zimetoka kwa matusi. Ya nne imekataa. Nimeigonga nyundo kidogo. Imetoka nusu, nusu nyingine imebaki humo ndani.

Haidhuru. Kigoda kina miguu mitatu na watu wanakikalia.

Vali mkononi! Masizi yameganda pande zote, tundu lililobaki halipitishi hata kidole. Nimekwangua kwa bisibisi, kisha kwa mswaki. Mswaki si wangu. Rangi zinafanana.

Shemeji amepita barabarani, eti kwa bahati. Akasimama, akasema kwa sauti ya kumfundisha mtoto kwamba upande wenye plagi ya umeme usiloweshwe kabisa: upulizwe dawa ya kusafishia, upanguswe, basi. Ndivyo hasa nilivyokuwa nakwenda kufanya. Kopo la dawa lilikuwa mkononi! Lakini akishasema yeye, nikipuliza itakuwa nimetii. Itabidi niloweke.

Nimehitaji chombo. Sufuria kubwa ya mama mkwe, aliyopewa siku ya ndoa yake, ni pana, ina kina, na mwenyewe haoni. Nimetia vali nzima, mafuta ya taa na sabuni ya unga. Ikae humo hadi kesho.

Jumatano, 5 Machi

Vali inang'aa! Machozi yamenilengalenga.

Sufuria haing'ai. Nimeisugua kwa mchanga. Sasa ni nyeusi na ina mikwaruzo. Nimeificha juu ya kabati, nyuma ya sanduku la nguo.

Gasketi ya zamani, ile ya kuziba kati ya vali na injini, imechanikia mikononi. Duka la vipuri linatazamana na gereji ya shemeji, na sikutaka anione nikiingia. Nimekata nyingine kwenye boksi la viatu, kwa mkasi wa mke wangu wa vitambaa. Matundu yote manne yamekaa sawasawa, hata lile lisilo na bolti. Fundi gani ana mkono huo?

Alasiri nimefunga, nimewasha. Limewaka! Moshi hakuna! Nimekwenda moja kwa moja kupiga honi mbele ya gereji. Shemeji akatoka. Wateja wakatoka. Kwa dakika nne nilikuwa mtu mbele ya watu. Dakika ya tano ikaja harufu ya kiatu kinachoungua. Kisha mluzi mkali kutoka kwenye injini. Moshi ukarudi, wote, na ule wa akiba.

Shemeji alijifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama, akarudi ndani kwenye kazi yake. Angecheka ningejua la kujibu. Nimerudi nyumbani nimeishiwa pozi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekata kifuniko cha kopo la biskuti, nimetengeneza gasketi ya bati. Haiungui. Haizibi pia. Na vali yenyewe haichezi tena, upande wa umeme umekunywa mafuta ya taa ukafa kimya. Taa tatu zimewaka kwenye dashibodi. Nimebandika stika mbili zaidi. Sasa mwendo wa gari siuoni.

Mke wangu ameuliza kwa nini mswaki wake una ladha ya barabara. Nikajitia hamnazo. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio unaoniogopesha, kwamba kesho nimwachie kaka yake ampeleke mama. Nikasema labda nife kwanza. Akajibu nisubiri Jumamosi basi, kesho wana shughuli.

Nimekaa garini saa nzima bila kuliwasha. Niseme kweli, maana hapa hasomi mtu: naogopa. Mama akikosa nafasi kesho, nitakuwa mimi niliyemnyima macho. Mwaka mwingine wa kupapasa kuta kwa sababu yangu. Na akiipata, atayafumbua macho hayo aone ni mkwe wa namna gani amekuwa akimsifu. Hakuna mwingine nyumbani anayenisifu. Sina pa kutokea.

Na bado sikwenda gereji. Miguu imekataa.

Ijumaa, 7 Machi

Tumeondoka saa moja kamili. Mama mkwe mbele, mkoba mapajani, amejipaka mafuta mazuri. Akausifu mluzi wa injini, akauliza ni ndege gani. Nikasema sijui jina lake.

Katikati ya kilima gari likapiga kikohozi kimoja, likazima. Saa moja na dakika arobaini. Nikawasha. Wapi! Nikawasha tena. Moshi mtupu. Jasho likanitoka hadi kwenye magoti.

Mama akauliza mbona tumesimama. Nikasema foleni. Akauliza mbona hatusikii magari mengine. Nikasema madereva wa siku hizi ni wastaarabu. Barabarani hapakuwa na kitu, kilima kizima ni chetu. Sijawahi kujichukia kama dakika ile.

Ndipo pikapu ya shemeji ikasimama nyuma yetu. Alikuwa anatufuata tangu nyumbani! Nilitaka kumrukia, kumbe mama mwenyewe ndiye aliyemwagiza, jana, bila kuniambia. Mama amehamishwa kwa heshima, nikashika mkoba, nikapewa nafasi nyuma kwenye tairi la akiba. Ameingia saa mbili kasoro dakika tatu. Amefanyiwa. Ametoka salama, jicho limefungwa bandeji.

Nimekaa kwenye ngazi za hospitali nikalia. Kwa furaha au kwa aibu, sikuweza kutofautisha.

Jumamosi, 8 Machi

Amefunguliwa bandeji. Ametazama dirisha. Ametazama mikono yake. Amemshika binti yake mashavu, wakalia wote wawili. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama kitambo kirefu. Akasema alidhani mimi ni mrefu zaidi. Akauliza kama masizi ya masikioni yanauma au yanakaa tu.

Nyumbani akaomba sufuria yake, apike mwenyewe chakula cha shukrani. Nikasema imeazimwa. Akainua uso, akatazama moja kwa moja juu ya kabati. Jicho jipya hilo! Limeona mpini nyuma ya sanduku.

Hakufoka. Aliigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, mkwaruzo kwa mkwaruzo. Akasema harufu ya mafuta ya taa aliisikia tangu Jumanne. Lililokuwa limeharibika ni jicho, si pua. Ndiyo maana akamwagiza mwanawe atufuate. Nikamuuliza kwa nini basi alikuwa ananisifu. Akasema kwa sababu wengine wote walikuwa wanacheka.

Akanipa sufuria. Niwe nayo, kwake haina kazi tena. Nimekaa nayo mapajani hadi wamemaliza kula. Ilikuwa afadhali anitukane.

Jumatatu, 10 Machi

Daktari anataka jicho la pili Ijumaa hii. Kwa amri ya ukoo mama atakwenda na pikapu ya shemeji. Vani langu liko gereji, limefumuliwa, linasubiri vali mpya. Shemeji amesafiri kwa basi kuifuata, atarudi Alhamisi. Pikapu ameiegesha uani kwetu, ufunguo ameacha juu ya friji.

Nimewaza sana. Mtu huyu alimwokoa mama yake, na mimi aliniokoa. Sijamshukuru. Nitamshukuru kwa vitendo.

Pikapu yake ni ya dizeli. Jana niliisikiliza ikiwa inawaka. Mwenyewe anasafisha magari ya watu, lake ataligusa saa ngapi? Lazima vali imejaa masizi. Na safari hii nina uzoefu. Nina sufuria yangu mwenyewe.

Vali nimeiona mara moja! Bolti nne, kama kwetu.

Tatu zimetoka. Ya nne imekataa. Naenda kuchukua nyundo.