Nukta, Nyota na Wimbo wa Siri wa Mkula

Jamani, leo nimeumbuka mchana kweupe, tena kwa spika langu mwenyewe!

Mnajua kazi yangu hapa Bariadi, narekodi vikundi vya ngoma. Jumamosi Lalago wanashindana na Mkula, na wote wamerekodi kwangu. Nyimbo za mashindano ni siri kubwa, maana kila kundi linalitungia lingine kejeli. Niliwaapia wote kwamba hazitavuja. Kila wimbo nikauanzishia jina kwa nukta, maana kompyuta yangu huficha chochote kinachoanza na nukta. (Fundi mimi!) Folda zao zote mbili ziko ndani ya folda kubwa, Ngoma.

Asubuhi akaingia Mzee Masanja, manju wa Lalago, mtunzi wao.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Niwekee nyimbo zangu kwenye flashi."

Nikafungua folda ya Lalago. Kubofyabofya nikaona ni utoto, nikaandika amri kwa madaha: nakili nukta-nyota. Yaani chochote kinachoanza na nukta.

"Kumbe umesoma!" akasema mzee. Nikakohoa kidogo.

Sasa nilichosahau: kwenye kompyuta, nukta mbili ndilo jina la folda ya juu. Nalo linaanza na nukta! Amri yangu ikapanda juu, ikabeba Ngoma nzima, Mkula wakiwemo.

Mzee akataka kusikiliza. Nikachomeka flashi kwenye lile spika la mlangoni. (Nani alinituma?) Spika halijui mambo ya kuficha, linapiga linachokikuta.

Ikapaa sauti ya Mama Kabula, manju wa Mkula! Anaimba Kisukuma safi, jinsi Masanja alivyocheza na chatu, chatu akamgeukia, Masanja akaparamia lori la pamba. Nikarukia kitufe. Mzee akanidaka mkono.

"Acha! Nataka beti zote."

Nje, kijiwe kizima cha bodaboda kilishashika kiitikio.

Haikupita muda simu ikaita. Mama Kabula.

"Wewe! Nimepanda bodaboda sokoni, dereva anaimba wimbo wangu wa Jumamosi. Kautoa wapi?"

"Mayu, mama yangu, labda ni upepo." (Ndiyo, nilisema upepo. Msiniulize.)

"Nakuja hapo hapo."

Akaja kweli, amevimba. Nikajua leo watashikana mashati studioni kwangu.

"Wimbo wako umeshachacha, mama," mzee akamwambia. "Mji mzima unaujua."

"Na wa kwako ataumwaga kesho, huyu!"

Wote wakanigeukia. Kisha wakakaa kwenye benchi langu wakinong'ona. Nikasikia jina langu. Mama Kabula akaanza kupiga mdundo kwenye benchi kwa vidole, mzee akacheka hadi machozi.

Basi ndiyo hivyo, mahasimu wamepatana. Jumamosi makundi yote mawili yanafungua na wimbo mmoja, unanihusu mimi, na wa kuurekodi ni mimi, bure.

Mtakaokuja uwanjani, nawasihi: chezeni tu, msiitikie.