Baiskeli Niliyoipata Kaburini

Jumatatu, 18 Februari

Tarehe ni ya Hado, mke mwenzangu, ndiye anayeniandikia. Mimi ninachojua, leo ni siku ya soko. Andika, Hado, na usipunguze kitu! Darasa la ngumbaru umeanza juzi tu, tayari unachagua maneno ya kuandika na ya kuacha.

Leo nimepitwa. Mimi! Talato! Barabara ya Koudougou, pale mteremko wa bwawa, kapu la sumbala, kiungo cha mchuzi, nyuma, nakanyaga zangu, upepo naukata. Mara kengele. Nikajua kijana. Vijana nawaacha wapite, hawana adabu. Kumbe Kibsa! Kibsa muuza pombe ya mtama, ambaye mjukuu wake wa kwanza hata meno hajaota! Juu ya baiskeli mpya ya bluu. Tena akanisalimia. Hapo ndipo paliponiuma. Mtu akikupita kimya, ana haraka. Akikusalimia, amekupita makusudi. Ati za asubuhi bibi, pole na safari. Pole!

Miaka sita mfululizo mbio za baiskeli za mabibi za tarehe nane Machi, sikukuu ya wanawake, nashinda mimi. Kutoka misheni mpaka sokoni. Miaka sita sijaona mgongo wa mtu. Leo nimeuona wa Kibsa, na ni mpana.

Sasa swali ni hili, Hado, liandike kwa herufi kubwa: kilichozeeka ni baiskeli au ni miguu?

Miguu haiwezi kuwa. Ni baiskeli.

Jumanne, 19 Februari

Hado hataki ninunue nyingine. Anasema ile nyeusi haina ugonjwa. Nani amesema inaumwa? Marehemu mume wetu alininunulia mwaka ule pamba ilipokubali. Nimebebea watoto wanne, mlango wa nyumba hii tunayokaa, na siku moja kondoo dume mzima, kakaa nyuma anaangalia njia kama abiria. Naipenda. Lakini kupenda ni kitu kingine.

Hado akauliza baiskeli mbili kwa makalio ya mtu mmoja ni za nini. Nikamwambia marehemu alikuwa na wake wawili, mbona hukumuuliza yeye.

Akaweka kalamu chini. Andika kwamba umeiweka.

Alhamisi, 21 Februari

Nimekwenda kwa Toé, fundi baiskeli. Toé ni Msamo, mimi Mmosi, kwa hiyo ni mtani wangu, kwa hiyo ni mtumwa wangu. Yeye anasema mtumwa ni mimi. Mababu ndivyo walivyotuachia na hakuna aliyewahi kuamua kesi.

Nikaiona! Imening'inia darini. Nyeupe. Usukani umepinda kama pembe za kondoo. Mtumba wa Ulaya, ilikuwa ya mashindano huko. Nyepesi! Nimeinyanyua kwa vidole viwili. Basi, vitatu.

Nikamwambia Toé, wewe mla vichwa vya mbwa, nishushie mali yangu. Akasema karibu mla punda, leta yule nguruwe wako mkubwa uichukue. Nikasema Mmosi hanunui kitu kwa mtumwa wake. Akasema basi Mmosi aendelee kula vumbi la Kibsa.

Wameshasikia! Siku tatu tu! Mji huu una masikio kuliko watu.

Jumapili, 24 Februari

Misa nzima nimewaza nguruwe. Ninunue? Nisinunue? Nina miaka sitini na minane, au sabini, inategemea padre gani aliandika. Nikinunua watasema bibi anatafuta ujana kwa fundi. Nisiponunua watasema bibi kapitwa, kakubali. Na nguruwe mwenyewe ni wetu wawili. Hado anasema nusu yake ni ya mbele. Nikasema sawa, natoa nusu yangu ya nyuma. Akasema nusu ya mbele ina mdomo na haitakubali.

Tunatoka kanisani ndiyo naambiwa baba mkubwa wake Toé amefariki. Miaka tisini na sita. Alikula, akashiba, akalala, basi. Kifo cha kuomba. Maziko Jumanne.

Mungu anisamehe, nilisema asante kabla ya kusema poleni.

Jumanne, 26 Februari

Mazikoni. Mtani akizika, sisi watani tunakwenda kucheza. Unaficha chungu cha mboga, unatembea kama marehemu, unazuia njia mpaka wakutoe kwa kuku au kokwa za kola. Watu wanacheka, machozi yanakauka. Ni kazi ya heshima na mimi naijua. Mama yake Toé alipozikwa nilivaa kilemba chake nikadai mume wangu aletewe chakula. Mpaka leo wanasimulia.

Lakini leo! Leo nimeingia kaburini.

Nikalala chali, mikono kifuani. Nikasema sitoki mpaka baiskeli nyeupe ishuke darini. Watu walicheka, katekista akashika tumbo. Toé akaleta kuku. Nikafumba macho. Kuku wawili. Nikakoroma. Wakaleta kola, wakaleta na pombe, tena ya Kibsa, dharau iliyoje! Jua likapanda. Marehemu anangoja kwenye mkeka. Mmoja akaninong'oneza kwamba baiskeli hazidaiwi, utani ni wa kuku. Nikamwambia hizo ni sheria za watu wenye baiskeli.

Mwishowe mzee wao akasema mpeni, marehemu hakuwa mtu wa kungojeshwa. Toé akasema chukua, mtumwa wangu, lakini ujue njia hii ina kwenda na kurudi.

Nikasema asante. Nikasimama.

Sikusimama. Magoti. Wamenitoa watu wanne na kamba. Kaburi lilikuwa refu mno, Wasamo wanachimba kama wanaficha kitu. Hado ananiuliza kama aandike kwamba ni magoti. Usiandike.

Jumamosi, 2 Machi

Ni yangu! Ina kiti chembamba kama ulimi wa mbuzi. Ina chuma katikati, kitenge hakipandi. Nimemwambia Hado anishonee suruali, kwa kitambaa kile kile cha sikukuu ya wanawake. Anasema haijawahi kuonekana. Nikamwambia ndiyo itaonekana.

Nimeanguka mara mbili, mara moja nikiwa nimesimama.

Hado kaiomba ile nyeusi, awe anaendea darasani. Nimempa. Mwenye mbili hugawa.

Jioni nimempita Kibsa. Nikamsalimia! Pole na kazi! Hado anasema si kumpita kule, kwa sababu Kibsa alikuwa amesimama anakoroga chungu chake. Ndiyo maana niligeuza nikampita tena, ili awe na hakika.

Jumatano, 6 Machi

Majivu. Padre akanipaka kwenye paji la uso, ati kumbuka wewe ni mavumbi. Nikamwambia mavumbi atayaona Kibsa keshokutwa. Akaniambia nipige magoti nitubu kiburi. Sikupiga. Si kiburi, ni magoti. Hado anasema ni vyote viwili.

Njiani nikakutana na Toé. Akaniamkia vizuri. Akaniita mama. Akauliza baiskeli inakwendaje, akanitakia ushindi. Hakuna mbwa, hakuna punda, hakuna mtumwa. Hado akasema mtani asiyekutukana ana jambo mfukoni. Nikasema ameshaniogopa.

Ijumaa, 8 Machi

Hado, kaa vizuri. Hii utaandika polepole.

Mabibi kumi na mmoja pale misheni. Kibsa na bluu yake. Hado na nyeusi yangu, aliniambia anakuja kutazama, kumbe kajiandikisha! Mimi na suruali. Watoto wakapiga kelele, wanawake wakapiga vigelegele. Filimbi!

Hiyo nyeupe inakwenda kama umbea. Bwawani nilikuwa na Kibsa sikioni, namsikia anavyohema. Baada ya bwawa simsikii. Nikageuka, hayupo. Peke yangu! Barabara yangu, upepo wangu, miaka sabini au sitini na minane, na hakuna mgongo wa mtu mbele. Niliimba, Hado. Niliimba kwa sauti.

Nikaingia sokoni. Ngoma. Watu pande zote. Kamba ya mwisho naiona, hatua thelathini.

Katikati ya barabara, mkeka.

Juu ya mkeka, Toé. Chali, mikono kifuani, pamba puani!

Nikashika breki. Breki za Ulaya ni kali, nusura nimsalimie kwa kichwa. Akafumbua jicho moja. Akasema yeye ni maiti na maiti hairukwi. Akasema dawa ya kumfufua ni ndogo tu, niseme mbele ya watu kwamba Wamosi ni watumwa wa Wasamo. Wasamo wote wa mji walikuwa wamejipanga wanapiga makofi.

Ndiyo, kushoto palikuwa na nafasi. Punda angepita. Lakini kumzunguka mtani ni kumkimbia, na mimi nimelala kwenye kaburi la baba yake mkubwa mpaka jua la saa sita, leo nimkimbie yeye akiwa hai? Nikamwahidi kuku. Akafumba macho. Kuku wawili. Akakoroma.

Basi nikamtukana. Nikamwambia babu yake aliuzwa kwa bakuli la mchuzi na mnunuzi akamrudisha. Nikamwambia mbwa wa kwake halali bila kuficha kichwa. Nikamwambia hata mauti yamempitia, yakamnusa, yakasema huyu tutamfuata mwakani. Watu walianguka chini kwa kicheko. Sijawahi kusema vizuri hivyo maishani mwangu.

Mara kengele.

Kibsa. Jasho mpaka kwenye viatu. Toé akamwambia maneno yale yale. Hata hakupunguza mwendo! "Watumwa wenu, baba! Watumwa kabisa! Nipishe!" Toé akajiviringisha pembeni kama gogo, Kibsa akapita, Toé akarudi mahali pake. Kaliuza kabila zima, wafalme na farasi zao, kwa ajili ya zawadi ya kwanza. Na zawadi yenyewe ni baiskeli!

Wa pili Hado. Kakaa wima kwenye nyeusi yangu kama kabeba maji kichwani. Akaniangalia. Akasema. Alisema kwa sauti ndogo lakini midomo niliiona. Andika, Hado! Andika kwamba umesema!

Halafu wale nane. Wote wakasema. Mmoja alisema mara mbili, ya pili ya dada yake aliyebaki nyumbani.

Nikabaki mimi. Toé akasema bi mkubwa, jua kali, sema tu twende tukanywe. Nikamwambia kufa vizuri wewe. Akaendelea kulala, nikaendelea kusimama. Kamba wakaikunja. Ngoma zikaenda kunywa. Mpaka lori la mahindi likapiga honi nyuma yetu, na hapo tukatoka barabarani wote wawili kwa pamoja. Kwa pamoja! Sikumpisha.

Wa kumi na moja. Lakini wa kumi na moja asiyekuwa mtumwa wa mtu.

Jumapili, 10 Machi

Zawadi ya pili ilikuwa gunia la mchele. Hado kapika. Mchele wa utumwa. Nimekula sahani mbili ili usiharibike.

Kibsa anaendesha baiskeli ya zawadi, na ile ya bluu kaiegemeza mbele ya kilabu chake, watu waone anazo mbili. Mwanamke mmoja, baiskeli mbili! Haoni haya?

Hado kaniuliza kwa upole, si swali lilikuwa baiskeli au miguu? Na nyeusi si imekuwa ya pili? Basi baiskeli haikuwa imezeeka. Nikamwambia ndiyo, na miguu pia haikuzeeka, maana mpaka kwenye mkeka, wa kwanza nilikuwa mimi. Kilichozeeka ni barabara.

Anacheka anaandika.

Alhamisi, 14 Machi

Toé kaning'iniza nyingine darini. Nyekundu. Ina gia nyingi kuliko nyeupe, na nyembamba, ukiitazama kwa mbele huioni. Nimeiona kwa bahati, nilikuwa napita tu. Nimepita mara nne. Na Kibsa naye nimemwona anapita.

Sinunui. Hilo nimelikata, Hado ni shahidi. Nguruwe wetu atakufa kwa uzee.

Ila nasikia shangazi yake Toé anakohoa. Yule mzee, dada mdogo wa yule tuliyemzika. Nimempelekea uji, nikakaa naye, nikamwangalia rangi ya macho. Simwombei mabaya, aishi sana, uji wenyewe nilitia asali. Lakini binadamu ajiandae.

Kosa langu siku ile sasa nalijua. Haikuwa kuingia. Ilikuwa kutoka. Ningetoka kwa wepesi, mwenyewe, nikajipangusa mbele za watu, Toé angeniogopa na asingethubutu kuleta mkeka.

Kwa hiyo tangu asubuhi niko nyuma ya nyumba, kwenye shimo tulilochimba udongo wa matofali. Kina chake ni kama cha Wasamo. Nafanya mazoezi. Kuingia niko vizuri sana. Kuingia hakuna bibi wa kunishinda Koudougou nzima. Kutoka bado kidogo.

Haya yote nayasema nikiwa humo humo. Hado yuko juu, miguu inaning'inia, daftari mapajani.

Imetosha kwa leo. Lete kamba.

Hado. Kamba.

Mbona bado unaandika?