Poda ya Ushindi Ndani ya Kaske ya Yaya Faustin

Wapendwa, leo sina pa kuuficha uso. Nimeingia ndani sasa hivi, poda bado iko puani, na nawaandikia mapema kabla hamjasikia kwa watu wa mtaani kwetu Mudzipela. Wao watatia chumvi. Na kisa hiki hakihitaji chumvi.

Mnaijua pikipiki ya yaya Faustin, kaka yangu mkubwa. Tangu tumzike ilikuwa imefungwa mnyororo barazani na mama hakutaka mtu aiguse. Mnajua pia alivyokufa. (Wasiojua: alianguka barabara ya Kasenyi, na kaske, ile kofia ngumu, ilikuwa imening'inia kwenye usukani. Si ndivyo vijana wetu wanavyofanya? Kaske ni ya kuwaonyesha polisi.) Kaske ilirudi nyumbani nzima, bila hata mkwaruzo. Mama aliifunga kwenye kitenge akaiweka chumbani kwake. Mimi niliichukia ile kaske kuliko ninavyoweza kusema.

Baadaye akapatikana mnunuzi wa pikipiki, mtu wa Aveba. Nililia kama mtoto. Pikipiki hiyo ndiyo iliyotulisha, na katika vitu vyote vya yaya ni hicho kimoja tu bado kinaweza kunguruma. Nikamwambia mama nitaiendesha mimi, nibebe abiria kama yeye. Mama alinitazama kama nimemwomba sumu.

"Mumoja amekufa. Na weye unataka?"

Nikamweleza kuna mafunzo ya usalama kwa wanaoanza, hata wanawake wanakubaliwa. Akachambua kwanza maharage yote ya jioni. Kisha:

"Muzuri. Jifunze. Huyu wa Aveba atangoja. Siku utamaliza, utaileta weye mwenyewe mupaka hapa kwa mulango, nione na macho yangu. Na kaske utavaa ku kichwa, haiko ku guidon. Ukianguka, moto inaenda Aveba." (Moto kwake ni pikipiki, guidon ni usukani.)

Leo ndiyo siku ya kumaliza. Na mtu wa Aveba anakuja kesho. Sasa mnaelewa kwa nini sikulala.

Moniteri wetu, yaani mwalimu wa pikipiki, ni mzee mwenye sauti ya mhubiri. Alikuwa anapanga matofali uwanjani tuyapite kwa kupinda. Siku za kwanza niliyagonga yote (na moja lililokuwa pembeni kabisa, halikuwa hata la kwetu). Lakini mzee ana subira. Kila siku alitupigia kelele neno lile lile: "Kama hauone njia, simama! Aibu ya kusimama haiue mutu!"

Likumbukeni hilo neno. Mimi nililisahau.

Leo nimeyapita matofali yote bila kugusa hata moja. Nimefunga breki pale pale kwenye mstari. Moniteri akanipa mkono, akasema, "Umeshinda, dada." Jamani! Sijui niliruka juu kiasi gani.

Sasa akaja Mama Riziki. Huyu ni mchuuzi wa samaki wa Kasenyi, tumesoma naye mafunzo haya, alichoka kubebwa nyuma na makapu yake. Naye ameshinda. Na mnajua siye watu wa hapa, mtu akifaulu kitu haiwezekani abaki na rangi yake. Mama Riziki alikuja na kopo zima la poda ya watoto. Kopo jipya!

"Leta kichwa, mudogo yangu!"

Nikaleta kichwa. Akamwaga. Nywele, shingo, nyusi, mgongoni. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na nilipokuwa nacheka nikagundua kwamba sijacheka tangu msiba. Nikaona aibu kidogo. Nikaendelea kucheka.

Kitu ambacho sikukiona ni hiki: kaske ya yaya ilikuwa juu ya kiti cha pikipiki, mdomo ukiangalia mbinguni. Poda yote iliyonikosa mimi iliingia humo.

"Jipanguse kwanza," moniteri akasema.

"Hapana, papa. Mama anione hivi hivi."

(Ni kweli. Nilitaka aione poda. Kwa miezi yote hii nyumba yetu imepokea watu wa kulia tu. Nilitaka siku moja kitu kizuri kiingie kwa mlango wetu.)

Nikavaa kaske. Nikafunga kioo cha usoni. Nikawasha. Niliondoka vizuri kabisa, taratibu, mgongo wima, nikaona hata watu wananitazama kwa heshima. Kumbe walikuwa wananitazama kwa sababu nilikuwa mweupe kama ukuta wa parokia.

Karibu na kwetu kuna shimo. Mnalijua. Linajulikana na kila mtu isipokuwa wanaotengeneza barabara. Nikaliingia, kichwa kikaruka, na poda yote iliyokuwa imetulia ndani ya kaske ikashuka machoni.

Nikapiga chafya. Msipige chafya ndani ya kaske, ndugu zangu. Chafya haina pa kwenda, inarudi na poda yote. Nikapiga ya pili. Sasa nikawa kipofu mwenye pikipiki.

Hapo ndipo pa kusimama. Moniteri alifundisha. Mtoto wa kuzaliwa jana angesimama! Lakini nikawaza: nikisimama hapa injini itazima, wenye maduka watanizunguka, na mmoja atatangulia kumwambia mama kwamba nimeshindwa. Kufika nyumbani kumebaki kipande tu. Nikaendelea (ee Mungu, nikaendelea), jicho moja limefungwa, lingine linaona ukungu.

Na kwa kuwa sikuona, nikapiga honi. Honi ninayoijua ni moja, ile ya yaya alipokata kona ya kwetu: mbili fupi, moja ndefu, maana yake wekeni maji ya kuoga. Sikuipanga. Mkono uliipiga wenyewe.

Sasa sikilizeni. Nilipotoka asubuhi, bibi kizee wa jirani yetu alikuwa mgonjwa tu. Mchana alifariki. Walikuwa wametandaza matawi barabarani kuonya wapita njia, wakafunga turubai la matanga kutoka ukuta hadi ukuta, wakapanga viti, wakaita kwaya. Matawi nimeyakanyaga. Nilisikia yanavunjika, nikadhani ni takataka. Wimbo niliusikia pia. Nikadhani ni redio.

Nikaivuta kamba ya turubai kwa kifua.

Turubai likashuka taratibu juu ya waimbaji wa sauti ya tatu na ya nne. Pikipiki ikanasa humo, ikazima, ikabaki imesimama. Na mimi juu yake, mweupe kichwa hadi kiuno, kwenye pikipiki ya Faustin, ndani ya kaske ya Faustin, nimetangulizwa na honi ya Faustin.

"Muzimu!" mtu akapiga kelele. "Faustin amerudia!"

Kwaya ilikimbia. Shemasi aliruka sufuria la maharage kama kijana. Na mnajua huku kwetu, kwa yale tuliyoyaona wenye silaha walipoingia, watu wakikimbia hakuna anayeuliza. Unakimbia kwanza, utauliza ukifika. Wa barabara ya juu wakaona wa kwetu wanakimbia, wakakimbia. Maduka yakafungwa, pa! pa! pa! Nikasikia mama mmoja anaita watoto wake kwa majina, mmoja mmoja, na sauti ile haikuwa ya mchezo hata kidogo. Mzee mmoja alipita na godoro kichwani anauliza, "Wameingia na wapi?" Hakungoja jibu.

Walioingia ni mimi. Mimi na kopo la poda!

Kidogo kidogo kukawa kimya. Viti vimelala. Nikapandisha kioo, nikafuta jicho kwa kidole, na nikaona mtu mmoja tu hakukimbia.

Mama.

Alikuwa ameinuka kwenye mkeka wa wanawake. Anakuja kwangu bila viatu, mikono yote miwili ameifungua. Hakuwa analia. Uso wake ulikuwa umelainika vile sijauona tangu tulipozika. Alikuwa anasema polepole, kama alivyombembeleza yaya akiwa mtoto, "Faustin. Papa yangu. Faustin."

Hapo ndugu zangu sikujua la kufanya. Kuvua kaske ni kumuua yaya mara ya pili. Kutoivua ni kumdanganya mama. Nikavua. Poda ikamwagika mabegani, nikapiga chafya nyingine (ndiyo, hata hapo), na mama akasimama hatua moja mbele yangu, mikono bado imefunguka.

"Ni miye, mama," nikasema. Nikaanza kulia, na machozi na poda ni uji.

Akanitazama. Akashusha mikono. Kisha akashika pembe ya kitenge chake, akaanza kunifuta macho, kwa nguvu, kama anasugua sufuria.

"Nilijua ni weye," akasema. "Miguu ndio haikujua."

Watu wakarudi mmoja mmoja, na aibu zao. Nilipiga magoti mbele ya wenye msiba, nikaomba msamaha. Walinipa, na wakanipa pia kazi ya kufunga turubai upya huku kwaya nzima ikinisimamia. Mzee wa godoro alirudi mwisho kabisa. Hajanisalimu mpaka sasa.

Tulipofika nyumbani nikauliza kwa sauti ndogo, kwa sababu nisingeweza kulala na swali hilo. "Mama, ile ya Aveba? Nimeanguka?"

Akafikiri.

"Weye haukuanguka," akasema. "Turubai ndio ilianguka."

Nikataka kumkumbatia. Akanizuia kwa mkono, akaichukua kaske, akaipangusa poda yote, ndani na nje, akaifunga tena kwenye kitenge chake.

"Moto inabaki. Huyu wa Aveba nitamuambia. Lakini hii kaske, hapana. Utatafuta yako, ya rangi ingine." Akaingia nayo chumbani akafunga mlango, na sijamsikia akitoka.

Kwa hiyo nimefaulu, pikipiki ni yangu, na Mudzipela nzima inaniita Muzimu. Chekeni, nimewaruhusu, hata mimi nikioga nitacheka. Ila mkipita karibu na kwetu, nawaomba kitu kimoja: honi msiipige.