Mzaliwa Bandia wa Busan

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimefika Busan. Mara ya kwanza maishani! Anayejua hilo ni Mi-ran tu, mchumba wangu. Baba yake, Mzee Yeo, fundi mstaafu wa meli, anaamini nimezaliwa na kulelewa hapa. Nilimwambia mwenyewe kwa simu, baada ya kusikia hataki binti yake aolewe na mtu wa huko juu, karibu na Seoul. Mimi ni wa Suwon. Suwon na Seoul ni pua na mdomo.

Jumapili atatoa jibu. Mpaka hapo anataka tutembelee mitaa niliyochezea utotoni. Nimekariri ramani nzima ndani ya treni. Mi-ran alinisihi niseme ukweli. Nikamwambia atulie, kila kitu nimekipanga.

Ijumaa, 11 Oktoba
Balaa. Mzee kamleta Pil-jae, daktari wa meno, mtoto wa jirani yake hapo Yeongdo. Kapera! Hata hatujaketi, akaniuliza nimezaliwa mwaka gani. Kanizidi mwaka mmoja. Ikabidi nimwite kaka na kummiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, huku akitabasamu kwa meno yote.

Soko la samaki la Jagalchi nimelipita salama. Nilivuta pumzi ndefu, nikasema hakuna harufu tamu kama ya nyumbani. Mzee akanitazama kidogo. Kisha Pil-jae akasema kesho twende Gamcheon, mtaa niliodai nimekulia, awaone walionilea. Nami simjui huko hata mtu mmoja.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimetangulia Gamcheon mapema. Ngazi, vichochoro, nyumba za rangi zimebebana mlimani. Nikamkuta bibi mmoja, Ok-bun, akianika pilipili. Tukakubaliana: nimletee katoni ya machenza, naye atanikumbuka.

Kanikumbuka kupita kiasi. Mbele ya Mzee alinishika sikio, akasema mimi ndiye niliyevunja mtungi wake wa kimchi, ile kabichi ya kuchachua, nikatoroka. Adhabu yangu: kupandisha magunia ya kabichi kutoka barabarani hadi juu ya paa lake. Nikapandisha. Pil-jae akamuuliza bibi hayo yalitokea mwaka gani. Bibi akamwambia aende akahesabu meno ya watu. Mzee alicheka hadi machozi. Nampenda bibi yule, ingawa mgongo wangu haumpendi.

Jumapili, 13 Oktoba
Soko la Bupyeong. Tuliagiza sundae, ule utumbo wa nguruwe uliojazwa tambi na damu. Mzee alikwisha kohoa kama mtu anayetaka kutoa jibu. Mi-ran alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa nguvu. Mama muuzaji akatuwekea sahani na kibakuli cha rojo la soya. Mimi, nimelewa ushindi, nikamwomba chumvi.

Mama muuzaji akauliza huyu mgeni katokea wapi. Busan nzima huchovya sundae kwenye soya. Chumvi ni ya kwetu huko juu. Pil-jae akaweka vijiti vyake mezani, taratibu. Nilitoka jasho hadi kwenye soksi.

"Wapi?" Mzee akauliza.

"Suwon, Baba."

"Nilijua tangu Ijumaa. Mtu wa hapa hanusi Jagalchi akafurahi." Akanisogezea chumvi. "Umembebea kabichi mwanamke usiyemjua, kwa ajili ya binti yangu tu. Haya, muoe. Ila usinidanganye tena."

Nililia palepale, sikuona haya. Kaka Pil-jae akamalizia sundae yangu.

Jumatatu, 14 Oktoba
Tuko kwenye treni, tunarudi. Mi-ran anasema kabakia mtu mmoja wa kuridhia: mjomba wake wa Gwangju. Mkali, hapendi watu wa nje ya mji wake. Kaniapisha nisiseme ila kweli tupu. Nikaapa.

Kaenda msalani, simu yake ikalia. Mjomba mwenyewe! Nikapokea. Sijui ilikuwaje, nimemwambia nimezaliwa Gwangju. Kafurahi sana, anataka nimtembeze mtaani kwetu.

Nimeshamuuliza abiria wa kiti cha nyuma. Gwangju huchovya sundae kwenye pilipili ya siki. Safari hii sikosei.